Kasuku Alijua Kabla Yangu

Najua unachofikiria. Ukisikia mwanamke anasema kasuku wake ndiye aliyemtolea siri ya mumewe, moja kwa moja akili inakwenda kwenye nyumba ndogo. Hata ya kwangu ilikwenda huko huko, na nililala usiku mzima nikiwa nimeugeukia ukuta kwa sababu hiyo. Lakini tulia kwanza, mpenzi msomaji, nikupe stori kuanzia mwanzo. Hata kama hufugi ndege itakugusa, hasa kama unaishi na mtu ambaye kila ukimuuliza "vipi?" anakujibu "poa tu."

Zumari ni kasuku wa kijivu, wale wenye mkia mwekundu. Hatukumnunua. Alikuwa wa shangazi yangu wa Tanga, aliyeishi naye zaidi ya miaka 20. Shangazi alipofariki mwaka 2018, ndugu waligawana vyombo, kitanda cha mvule na cherehani, kasuku akabaki barazani hana mwenyewe. Baba zangu wadogo walimwona mzigo. Mimi nikamchukua, pamoja na karatasi zake za kibali, nikasafiri naye hadi Dar es Salaam kwenye fleti yetu ya vyumba viwili. Wakati huo ndoa yetu ilikuwa na miaka miwili, bado tunapikiana chai.

Wiki tatu za mwanzo hakutoa neno. Alijikunyata kona ya tundu, anakula mbegu chache, akisikia mlango anainua kichwa, akiona ni sisi anakishusha. Mume wangu akasema, "Huyu ana msiba." Nikamcheka. Ndege awe na msiba?

Siku moja jirani akagonga. "Hodi!" Na kutoka ndani, kabla sijafungua mdomo, ikajibu sauti ya shangazi yangu, ile ile ya kuvuta mwisho wa neno: "Karibuuu, mwanangu." Nilikaa chini sakafuni nikalia kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Jirani wa watu alibaki mlangoni na bakuli lake la futari, hajui aingie au arudi.

Taratibu akatuzoea. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa anaiga pampu ya maji, maikrowevu, na mlio wa ujumbe wa pesa kwenye simu ya mume wangu, kiasi kwamba maskini ya Mungu alikuwa anakimbilia simu bure. Jioni mume akivua viatu, Zumari anapiga kelele "Goooo!" kwa sauti yake yeye mwenyewe, kwa sababu Jumamosi za mpira walikuwa wanaangalia pamoja. Mpira ukinoga, mmoja anaruka kwenye kochi na mwingine anaruka kwenye kijiti.

ALIANZA NA KIFUA

Mwanzoni mwa mwaka 2022 nikaona manyoya chini ya tundu. Sikujali, ndege hubadilisha manyoya. Lakini yalizidi, na siku nikimwogesha nikaona kifuani pana uwazi wa ukubwa wa sarafu, ngozi ya waridi kama kuku aliyenyonyolewa. Alikuwa anajinyonyoa mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa utulivu wa kutisha.

Nikabadilisha chakula, nikaongeza mapapai na mchicha, nikalaumu vumbi la barabara inayojengwa. Hali ikawa ile ile. Na "Goooo!" ya jioni ikakatika. Mume wangu akiingia, Zumari anajibana manyoya mwilini mpaka anaonekana mwembamba, mboni za macho zinapanuka na kusinyaa haraka haraka, anasogea mbali. Mtu waliyekuwa wanashangilia naye mpira!

Daktari wa wanyama alimpima damu na kinyesi, akamwangalia ngozi kwa taa. Hapa nisisitize: kasuku akijinyonyoa, kituo cha kwanza ni daktari. Inaweza kuwa vimelea, virusi, ini, upungufu wa lishe. Usikurupuke kusema "ana stresi" kama nilivyowahi kumsikia mtu akisema huku ndege wake anaumwa kweli. Majibu yalipotoka safi, daktari akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Nyumbani kukoje?"

"Kukoje vipi, dokta? Kuzuri tu."

"Mchana anashinda na nani?"

"Hashindi na mtu. Mimi natoka saa 12 asubuhi kukwepa foleni, mume wangu anatoka saa moja."

Akanipa kazi ya nyumbani: niandike kwenye daftari, kwa wiki moja, ni saa ngapi anajinyonyoa na nani yupo. Ajabu nikakuta siku za kazi nikirudi saa mbili usiku kuna manyoya tele, na Jumapili, tukiwa wote ndani, anajinyonyoa pale tu tunapokuwa kimya. Simaanishi kimya cha kusoma gazeti. Nazungumzia kile kimya ambacho mtu anaweka kikombe mezani na mwenzake anasikia tusi.

Maana na sisi tulikuwa tumefika hapo. Miezi kadhaa ilikuwa imepita bila ugomvi wa kueleweka. Mume alikuwa amepungua maneno. Mimi nilikuwa na sentensi yangu moja ya kufungia mazungumzo, "Haya basi, yaishe," ambayo ukiisikia inaonekana ya amani lakini kwa sauti niliyokuwa naisemea ilikuwa ni mlango unaobamizwa.

SAUTI YA MAGHARIBI

Kasuku huchangamka zaidi alfajiri na magharibi. Jioni ile nilikuwa nimewahi kurudi, kichwa kinauma, nimejilaza kochini taa zimezimwa. Zumari akaanza kujisemea chini chini. Pampu. Adhana. Halafu ikatoka sauti ya mume wangu, ya chini, ya kubembeleza, sauti ambayo katika miaka sita ya ndoa sikuwahi kuisikia:

"Kaka, nivumilie hadi mwisho wa mwezi. Nivumilie, kaka."

Kikafuata kikohozi kidogo cha kusafisha koo. Kisha pumzi ndefu. Kisha tena, "Nivumilie, kaka."

Aliirudia mara tatu, na kila mara pumzi ile ipo mahali pake. Moyo ulinienda mbio. Kitu cha kwanza nilichowaza ni kile unachokiwaza wewe: anaficha nini? Ana mwanamke? "Kaka" ni jina la kumficha nani? Lakini nilipotulia nikajiuliza swali la msingi zaidi. Kasuku haigi jambo alilolisikia mara moja usiku wa manane huku sisi tumelala. Hii ameisikia mchana, tena mara nyingi, na kwa hisia nzito. Sasa mchana mume wangu anafanya nini nyumbani?

Kesho yake usiku nikamuuliza. Akakataa. Nikapandisha, naye akapandisha. Na katikati ya kelele zile, kutoka kwenye tundu, ikaja sauti yangu mwenyewe, kavu, imekamilika: "Haya basi, yaishe."

Sote wawili tulinyamaza. Wallahi sijawahi kujisikia vile. Kumbe hivi ndivyo ninavyosikika? Mume wangu akaanza kucheka, kicheko kikageuka, akakaa kwenye mkono wa kochi akafunika uso.

Kampuni ya kupitisha mizigo bandarini aliyokuwa anafanyia kazi ilikuwa imepunguza watu miezi saba nyuma. Miezi saba alikuwa anavaa shati na tai, anasubiri nitoke, anatoka azunguke mtaa mmoja, anarudi. Kodi ya miezi sita alikuwa amekopa kwa rafiki zake wawili. Mchana kutwa alikuwa anakaa kwenye kiti cha pembeni ya tundu akipiga simu za kuomba kazi na kuomba muda. Aliniambia, "Nilikuwa naongea na Zumari. Yeye alikuwa hanihukumu."

SASA, ALIJUA AU HAKUJUA?

Baada ya hapo nilisoma kila nilichokipata kuhusu hawa ndege. Nitakwambia ninachokiamini na nisichokiamini.

Siamini kwamba Zumari alijua maana ya deni. Lakini kwamba alikamata hofu ya mume wangu, hilo naliamini, na sababu yake ni maisha yao. Kasuku wa kijivu ni ndege wa makundi. Msituni, mmoja akishtuka wote wanaruka, na anayechelewa kuuliza "kuna nini?" analiwa na mwewe. Kwa hiyo wamezaliwa wakiwa wanasomana: sauti, mkao, kasi ya mwendo. Mfungie mmoja kwenye fleti na kundi lake linakuwa ni nyinyi. Anaendelea kusoma kwa sababu hawezi kuacha, ila sasa mkishtuka hana pa kurukia.

Watafiti waliwapigia kasuku wa milimani wa New Zealand, wanaoitwa kea, sauti iliyorekodiwa ya wenzao wakicheza, wakaandika matokeo mwaka 2017. Ndege waliokuwa wametulia walianza kucheza, wengine hata peke yao hewani, kana kwamba wameambukizwa kicheko. Katika kituo kimoja kisiwani Tenerife, matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kasuku wa kijivu wakimpitishia mwenzao vipande vya chuma vya kubadilishia karanga, wakati wao wenyewe hawapati kitu. Mwaka 2018 Ufaransa waliwaangalia kasuku watano wakubwa wa bluu na njano: mtunzaji akiongea nao na kuwatazama, manyoya ya kichwani yalikuwa yanainuka zaidi na ngozi nyeupe ya mashavuni inaiva wekundu, kuliko akiwa amewapa mgongo. Yaani ndege anaona haya, au anafurahi, sijui niite nini, lakini anatofautisha kati ya kuangaliwa na kupuuzwa. Ni ndege watano tu, sawa, ila nilipoisoma nilikumbuka zile Jumapili zetu za kimya.

Na kuna Alex. Huyu alinunuliwa dukani Chicago mwaka 1977 na mwanasayansi Irene Pepperberg, akaishi naye kwenye utafiti miaka 30 hadi alipokufa Septemba 2007. Alijua majina zaidi ya 100 ya vitu, rangi na maumbo. Lakini kilichonigusa mimi ni kwamba alijifunza kusema "samahani" kwa Kiingereza. Watu wakimkasirikia, analitoa. Mwenyewe Pepperberg alikuwa mwangalifu: hakudai kwamba ndege alijuta. Alichoona ni kwamba Alex alikuwa amejifunza neno hilo linatoka lini na linafanya kazi gani, kwamba linapoza hewa. Wangapi kati yetu tunaolitumia hivyo hivyo?

Maneno wanayoyakamata haraka ni yale yenye moto. Mwaka 2020, bustani moja ya wanyama huko Lincolnshire, Uingereza, ilipokea kasuku watano wa kijivu kwa wakati mmoja, wakafundishana matusi hadi ikabidi watenganishwe. Tatizo lilikuwa wafanyakazi: kila tusi likitoka walikuwa wanacheka, na kicheko kwa kasuku ni malipo. Upande wa huzuni, kuna kasuku wa Michigan, Marekani, aitwaye Bud. Mwenye nyumba alipigwa risasi mwaka 2015, na baadaye ndege yule akawa anarudia ugomvi kwa sauti mbili, ya mwanamume na ya mwanamke, unaoishia na ombi la kutopigwa risasi. Mke alitiwa hatiani mwaka 2017. Maneno ya ndege hayakutumika kama ushahidi mahakamani, na nadhani ni sawa, maana kasuku anaweza kuchukua maneno kwenye filamu. Lakini kuishi na ndege wa namna hiyo sebuleni, usiku baada ya usiku? Mimi nisingeweza.

Kuna jingine lililonifanya nijisikie vibaya zaidi. Watafiti wa Vienna mwaka 2014 walichukua damu ya kasuku 45 wa kijivu wakapima ncha za kromosomu, zile zinazofupika kadiri kiumbe anavyozeeka. Waliokuwa wakifugwa peke yao walikuwa na ncha fupi kuliko waliofugwa wawili wawili. Upweke unamzeesha ndege ndani ya damu. Zumari alikuwa peke yake, na mume wangu, ingawa tulikuwa tunalala kitanda kimoja, alikuwa peke yake.

TULICHOFANYA

Deni tulilipa kwa miezi kumi na nne. Sitaki nikudanganye kwamba ukweli ulitufanya tukumbatiane siku ile ile. Nilikasirika sana, kwa wiki mbili. Nilimwambia wazi: kupoteza kazi si kosa, lakini ile tai ya kila asubuhi ilikuwa ni kunifanya mimi mgeni kwenye nyumba yangu. Naye akaniambia wazi kwamba kila alipotaka kusema, alikuwa anaisikia ile "haya basi, yaishe." Hapo nikakosa jibu.

Kwa upande wa ndege, daktari alitupangia mambo ya kawaida kabisa. Giza na utulivu saa kumi hadi kumi na mbili kila usiku. Tulikuwa tunamkesha na televisheni hadi saa sita. Karanga zifichwe ndani ya maganda ya mahindi au karatasi iliyofinyangwa, azitafute, kwa sababu msituni angetumia sehemu kubwa ya siku kutafuta chakula, na ndege mwenye kazi hanyonyoi manyoya. Akipiga mayowe usimpigie mayowe na wewe, maana kwake hayo ni mazungumzo. Subiri anyamaze, ndipo umsogelee. Na ukiwa umevurugwa, usiende kwenye tundu na uso huo. Kaa jikoni kwanza, kunywa maji. (Mume wangu aliuliza kama sheria hiyo inamhusu na yeye. Tukakubaliana inamhusu.) Nyongeza yangu mwenyewe kwa mama mwenye jiko: parachichi na chokoleti ni sumu kwa kasuku, na moshi wa kikaango kisichogandisha kikipata moto kupita kiasi unaweza kumuua kwa muda mfupi. Sisi cha kwetu tulikitoa.

Dawa kubwa ilikuwa kukaa. Saa moja jioni, simu mbali, sisi wawili kwenye kiti na kochi karibu na tundu, tunaongea. Mwanzoni tulikuwa tunaongea kwa sababu daktari wa ndege ametuagiza, fikiria! Watu wengine wanakwenda kwa shehe, wengine kwa mchungaji, sisi tulipatanishwa na mtaalamu wa kuku na ng'ombe.

Sasa usije ukafunga gazeti ukakimbilia kutafuta kasuku. Anaweza kuishi miaka 40, 50 na zaidi, na mtoto wako ndiye atakayemrithi kama nilivyomrithi mimi. Halafu wengi wanaouzwa kwa siri wametolewa msituni. Ghana imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya kasuku wake wa kijivu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Kenya waliobaki ni wachache katika msitu wa Kakamega. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa msituni imepigwa marufuku. Mtu akikupitishia mmoja ndani ya boksi la viatu, jua kundi zima limevunjwa ili huyo mmoja akufikie. Na kundi lake ndiyo hisia zake, nimeshakueleza.

Kifuani kwa Zumari manyoya yamerudi, isipokuwa kipande kidogo upande wa kushoto. Daktari anasema aking'oa mara nyingi mahali pamoja, shina linakufa, kwa hiyo pale pataendelea kuwa hivyo. Mume wangu alipata kazi mwaka 2023, mshahara mdogo kuliko wa zamani. Ile "nivumilie, kaka" bado inatoka mara moja moja, magharibi, pamoja na kikohozi chake. Siku za mwanzo mume alikuwa anainuka na kuondoka sebuleni. Siku hizi anabaki amekaa. Wiki iliyopita ilitoka tukiwa tunamenya viazi, akamgeukia akamjibu, "Nimeshalipa, kaka." Zumari akainamisha kichwa, akamwangalia kwa jicho moja, akaiga pampu ya maji.